Sauti ya Pili, Hajulikani

Takaungu, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu naziruka, kwa kuwa baada ya saa mbili hivi utaingia kwa mlango huu huu pamoja na mamako, mmebeba blanketi mlilokwenda kulinunua Kilifi kwa ajili ya baridi ya Nakuru. Utanipa shikamoo yako, nami nitaitikia marahaba kama mtu asiye na neno moyoni. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Uso kwa uso mimi ni hodari wa kuzungumza habari za santuri na matokeo ya mpira tu. Zaidi ya hapo ulimi hunikwama, na wewe hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na watu wa kujiepusha nao sitayagusa. Mamako ameshayasema, na kesho kule stendi atayasema tena huku amekushika mkono. Mimi nina jambo moja, na ni zito kwangu, kwa hivyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula. Mamako alikuuliza mtafundishwa nini mwanzo katika huo uuguzi, ukamwambia kuna siku mtafundishwa kusikiliza moyo wa mtoto akiwa tumboni, kwa ile pembe ndogo ya wakunga. Kisha ukacheka ukasema, "Na masikio yangu haya, si nitasikia ngoma ya arusi jirani nidhani ni moyo." Mamako akacheka. Mimi niliinuka nikaenda kunawa mikono, na chakula kilikuwa hakijafika nusu.

Si mara ya kwanza kukusikia ukisema hivyo. Ulipokuwa darasa la saba, ustadhi wa madrasa alitaka uingie katika kundi la kasida za maulidi. Alikuja hapa nyumbani mwenyewe. Ukamwambia, "Ustadhi, mimi sina sikio." Ulisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayesema kwao hakuna ng'ombe. Ustadhi alinitazama mimi, akingoja nikupinge. Nikamkaribisha kahawa.

Neno hilo ni langu, Zuhura. Nilikupa mimi ulipokuwa na miaka tisa, na nilikupa nikijua ni uongo.

Daftari langu unalijua, hilo la jalada jeusi la orodha ya Chumani Jazz. Hujui lilivyoanza. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa udobi pale hoteli ya Kikambala ambapo bado nafua mashuka ya watu mpaka leo. Baa ya zamani ya hoteli ilikuwa ikivunjwa, na fundi mmoja akatoa boksi la santuri akaliweka karibu na takataka za kuchomwa. Nikalichukua. Humo mlikuwa na santuri saba za Chumani Jazz, bendi iliyopiga dansi Kilifi na Malindi zamani za feri, kabla ya daraja. Nilizisafisha kwa maji ya sabuni ya hariri, kazi ninayoijua, nikaazima mashine ya kuzipigia. Magitaa mawili yalikuwa yakijibizana kama majirani wanaopendana lakini hawataki kukubali. Nikashikwa.

Basi nikataka kujua walirekodi ngapi zote. Hapakuwa na mtu aliyejua. Kampuni ilikufa, wanamuziki walitawanyika, na karatasi za katikati ya santuri zilikuwa zimeandikwa ovyo, jina la mtunzi huku hivi, kule vile. Nikanunua daftari. Nikapanga safu: nambari ya lebo, nambari iliyokwaruzwa kwenye santuri yenyewe, upande wa kwanza, upande wa pili, mtunzi, waimbaji, wapigaji. Nikajiwekea na sheria. Nililoambiwa na mtu mmoja naliandika kwa penseli. Likithibitishwa na mtu wa pili, ambaye hakulisikia kutoka kwa yule wa kwanza, hapo ndipo napitisha wino. Na pembeni naandika jina la kila shahidi, ili atakayekuja ajue nimelitoa wapi. Watu walinicheka. Mamako mwaka ule wa kwanza wa ndoa alidhani ni daftari la barua za mwanamke.

Wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wangu. Ulikuwa hujafika miaka sita nilipokupa rula na kalamu nyekundu unipigie mistari ya safu. Mistari yako imepinda, ukurasa baada ya ukurasa, na pale rula ilipoteleza kuna kona ndogo. Nilikuwa nikikuweka karibu nami na kukutia vile visikilizio vya masikioni, upande mmoja wako, mmoja wangu. Ulikuwa ukisema, "Baba, hapa mpiga ngoma amekosea," na mimi narudisha nyuma nasikiliza, na kweli alikuwa amekosea. Nimepiga santuri hizo miaka mingi na mengi ya makosa hayo uliyasikia wewe kwanza.

Sasa nifike.

Katika zile santuri saba mlikuwa na moja yenye wimbo uitwao "Nipokee Kivukoni." Mwanamume anaimba, na mwanamke anamwitikia. Huyo mwanamke haonekani katika wimbo mwengine wowote wa bendi ile. Kwenye karatasi ya katikati jina lake halimo. Kwa watu wa kazi yangu, kitu kama hicho ni mwiba kwenye unyayo. Nilimtafuta miaka, Zuhura. Niliuliza Malindi, niliuliza Mtwapa, nilisumbua vizee vya watu.

Kisha hoteli ikaajiri wapigaji wapya wa kutumbuiza wageni jioni, na mpiga besi alikuwa mzee mmoja aitwaye Kazungu. Alikuwa akija kwenye chumba cha kupigia pasi kuchukua shati lake la maua, anakaa kwenye benchi angojee likauke kola. Siku moja nilikuwa nikiimba kwa mluzi huku napiga pasi. Akaniuliza, "Wewe dobi, huo wimbo waujulia wapi? Besi hiyo nimepiga mimi."

Nusura niunguze shati. Nilimweka pale benchi kila siku kwa mwezi mzima. Mengi yaliyo kwa wino katika daftari ni yake na ya watu alionielekeza kwao. Siku nilipomuuliza habari ya sauti ya pili, alicheka.

"Yule hakuwa mwimbaji," akasema. "Alikuwa binti, yuwafundishwa cherehani kwa shangaziye pale Kilifi. Sisi twafanya mazoezi ua wa pili. Yeye aosha masufuria, na huku atuitikia. Atuitikia vizuri kuliko mwitikiaji wetu. Siku ya kwenda Mombasa kurekodi, mwitikiaji akashikwa na homa, tukamwendea yule. Akamwambia shangaziye yuwaenda arusini. Tulimrudisha kabla ya magharibi."

"Jina lake?"

"Rukia. Rukia binti Athmani. Wa huko huko kwenu Takaungu. Alikuwa na mtindo mmoja, kabla ya neno avuta pumzi, hivi, kama mtu aliyeshtuka. Fundi wa mitambo alitaka kuiondoa, sisi tukakataa. Wamjua?"

"Simjui," nikasema.

Nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, na mzee yule ametoka kunitajia jina la mamangu mzazi. Nyanya yako. Yeye aliyekuwa akivuta pumzi hivyo hivyo kila alipotaka kuniita nilipokuwa mtoto, mpaka nikawa najua naitwa kabla jina langu halijatoka kinywani mwake. Nilikuwa nimesikiliza santuri ile zaidi ya mara mia na sikumtambua, kwa sababu hakuna mtu anayemtafuta mamake kwenye santuri ya dansi.

Babu yako, unajua, alikuwa imamu. Alikuwa ameshafariki wakati huo, lakini watu hapa bado humtaja kwa heshima, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa funguo za msikiti wake. Niliwaza watakavyosema barazani: mke wa imamu aliimba na bendi ya baa. Hakuna aliyekuwa amesema. Hakuna aliyekuwa akijua. Niliwasemea mimi mwenyewe kichwani mwangu, maneno yao na vicheko vyao, mpaka nikawaogopa.

Jioni ile nilifungua daftari. Kwa sheria yangu ilinipasa niandike jina lake kwa penseli, shahidi mmoja, Kazungu, mpiga besi. Niliandika: "Sauti ya pili, mwanamke: hajulikani." Na niliandika kwa wino, Zuhura. Mimi ninayegombana na watu miezi miwili juu ya nambari moja ya lebo. Jambo nililolijua kuliko yote katika daftari lile ndilo nililoandika kuwa halijulikani, nikalipa wino ambao lilikuwa halijaustahili.

Miaka miwili baadaye ulikuwa umekaa hapa hapa kwenye mkeka, wewe na mimi na vile vya masikioni. Nyanya yako alikuwa uani anakuna nazi. Nikapiga "Nipokee Kivukoni." Sijui kwa nini. Labda nilidhani siri ikishakaa huota mizizi isitikisike. Yule mwanamke alipoingia, ulinyanyua kichwa.

"Baba, huyu ni nyanya. Nyanya yuwaimba."

"Siye."

"Ndiye. Sikiliza, yuwavuta pumzi kama akitaka kuniita."

Mlio wa mbuzi ya kukunia nazi uani ukakatika. Nyanya yako aliacha kukuna. Mlango ulikuwa wazi, hatua nne tu kutoka kwetu, na sikuweza kumwona lakini nilijua amekaa juu ya mbuzi na kifuu mkononi anangoja nitasema nini.

Nikasema, "Wewe huna sikio kabisa. Toa hivyo, nenda ukacheze."

Ulivitoa. Hukulia. Ulivikunja vizuri nilivyokufundisha, ukaniwekea juu ya daftari, ukatoka. Baada ya muda mlio wa nazi ukaanza tena. Siku ile chakula kilikuwa kizuri kama siku zote.

Ukifungua daftari utaona mahali penyewe bila kuonyeshwa. Mistari myekundu iliyopinda inakwisha katikati ya kitabu. Kutoka hapo mistari imenyooka, ni yangu. Hukuja tena kunipigia, na nilipokuita ulisema una kazi ya shule. Nilijiambia umekua. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini. Ningeweza kukwambia, "Ndiyo mwanangu, ni yeye, lakini ni siri yetu." Ungeitunza, ulikuwa mtoto wa kuweka siri. Au ningenyamaza tu. Lakini nilitaka siri yangu iwe salama kabisa, na njia fupi kuliko zote ilikuwa kuyaharibu masikio yako. Wewe ulikuwa ukiniamini, basi ukayakubali yameharibika.

Kuna la pili, na hili hata mamako hajui. Nyanya yako alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa nikikaa naye mchana mamako apumzike. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo. Akaniambia, "Salim, mle daftarini mwako, mimi umenitia?"

Tulikuwa hatujawahi kulitaja. Nikamshika mkono, nikamjibu kwa haraka ya mtu anayeleta habari njema. "La, mama. Usiwe na wasiwasi. Sikukutia. Hapana atakayejua."

Akanitazama. Kisha akasema, "Haya. Umefanya ulivyoona," akageukia ukutani.

Nilidhani nimemtuliza. Nilirudi kwenye kiti changu nimeridhika, Zuhura, nikamshukuru Mungu kwa kuniwezesha kumwondolea mamangu hofu. Ilinichukua zaidi ya mwaka tangu tumzike, siku moja naanika mashuka, kuuelewa uso ule. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anauliza. Mwanamke aliyeosha masufuria, akalea watoto, akazika mume, aliimba siku moja tu katika maisha yake mbele ya kipaza sauti, na mwanawe ndiye mwandishi wa orodha yenyewe. Alitaka kujua kama yumo.

Huenda nakosea. Huenda kweli aliogopa. Lakini sikumuuliza, na sasa hapana wa kumuuliza. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu mwenyewe ndiye ninayemwandikia barua.

Uongo nao haukukaa mahali pamoja. Unamkumbuka Bwana Sefu wa Tanga, yule wa kundi letu la simu la wapenzi wa bendi za zamani, ambaye mimi naye hatupatani ila tunatafutana kila siku. Kila mwaka alikuwa akiniuliza, "Yule mwanamke wa Kivukoni bado?" Nami namjibu, "Bado, hajulikani." Pengo likiachwa wazi mtu hulijaza. Mwaka jana akaandika kuwa amempata: mwanamke mmoja wa kwao, marehemu, aliyewahi kuimba taarabu. Hakuwa na ushahidi ila kufanana kwa sauti. Wajukuu wa yule mama wakaingia kwenye kundi kwa furaha, wakaleta picha yake amevaa kanga, wakashukuru. Watu wakaomba dua. Mimi, mwenye sheria ya mashahidi wawili, niliandika, "Mashaallah." Nyanya yako alikuwa amenyimwa jina, na sasa kiti chake nimempisha mwengine akae.

Baada ya kusikia lile neno lako la pembe ya wakunga sikulala vizuri siku tatu. Leo asubuhi nimemwandikia Sefu. Nimemwambia sauti ya pili ni ya mamangu, nimemwambia nilijua siku zote. Nilitarajia atanitukana, na ningepokea. Alijibu neno moja, kama ningefanya mimi: "Ushahidi?"

Ana haki. Wale wajukuu wa Tanga wana haki zaidi, maana nitawanyang'anya nyanya yao mchana kweupe, na siwezi kufanya hivyo kwa mdomo mtupu. Kazungu ameshafariki. Maneno yake ninayo, tarehe ninayo, shahidi wa kwanza yupo. Wa pili siwezi kuwa mimi. Niliambiwa na Kazungu ndipo nikasikia, na sheria inamkataa shahidi aliyesikia kutoka kwa mwenzake. Tena mtu aliyeficha jambo miaka yote hii, leo akisema amelisikia, nani amwamini?

Nimezunguka kote nikakuta kuna mtu mmoja tu duniani aliyeitambua sauti ile bila kuambiwa na yeyote. Alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye mkeka.

Kwa hivyo daftari unakwenda nalo. Nimelitia ndani ya begi lako chini ya blanketi lako jepesi la zamani, limefungwa kwa mfuko wa foronya. Usishangae uzito wake. Wimbo nimekutumia kwenye simu. Sikutaka nikupigie hapa mbele yangu, maana ungetazama uso wangu kabla ya kusikiliza, na uso wangu ulishakudanganya mara moja.

Usifanye haraka. Zoea kwanza chumba chako na wenzako. Siku ukiwa umetulia, sikiliza. Usinionee huruma, na usimwonee huruma nyanya yako. Sikiliza kama ulivyokuwa ukimsikiliza yule mpiga ngoma aliyekosea. Ukisikia ni yeye, andika jina lako kwa wino kwenye nafasi ya shahidi wa pili, nami nitawapigia simu wale watu wa Tanga na kuwaomba radhi, na nitalisema barazani pia, waseme watakavyo. Funguo za msikiti wakizitaka nitawarudishia. Ukisikia si yeye, andika hivyo hivyo, nitamwambia Sefu sina ushahidi, na mstari utabaki kwa penseli. Vyovyote utakavyoandika nitaamini. Sitakwambia tena ulichosikia.

Siombi unisamehe katika barua. Hilo ni lako, na lina wakati wake, au halina. Naomba tu hiyo siku mkifundishwa ile pembe ya wakunga, usisimame nyuma ya wenzako. Sogea mbele, weka sikio. Hilo sikio ni zima, lilikuwa zima tangu zamani.

Ule wino wa "hajulikani" nimeukwaruza kwa wembe, karatasi imebaki nyembamba mahali hapo, iguse polepole. Juu yake nimeandika kwa penseli:

Sauti ya pili: Rukia binti Athmani, wa Takaungu.
Shahidi wa kwanza: Kazungu, mpiga besi.
Shahidi wa pili:

Kalamu nimeipachika kwenye ukurasa wenyewe. Jina langu usilitie. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Babako,
Salim